Mchezo Mtupu

Gari jekundu liligonga mwamba, likazunguka kama pia, kisha likalipuka kwa mlio wa kukwaruza. Aikande akaangua kicheko.

"Mjinga wewe," alijiambia, na kidole gumba kikarudi kwenye kitufe cha kuanza.

Televisheni ilikuwa ya zamani, ya mgongo mkubwa, ameiweka juu ya stuli mbele ya dirisha alilolifunika kwa kanga. Chini yake kilikaa kisanduku cha kijivu alichokikuta darini kwa marehemu shangazi yake walipokuwa wakibadilisha mabati. Kilikuwa ndani ya mfuko wa sukari, na katriji moja tu, ya mbio za magari. Alikwangua kutu, akaunga nyaya, akapuliza vumbi mpaka mashavu yakamuuma. Alikuwa karibu kukata tamaa picha ilipojitokeza: barabara ya kijivu iliyopangwa kwa vipande vipande, majani ya kijani cha aina moja, na milima ya pembetatu isiyosogea karibu hata ukimbie vipi. Kitufe kimoja cha mafuta, kingine cha breki. Aikande alikuwa mpiga kinanda wa kwaya ya usharika, na siku ya kwanza alikaa akiusikiliza wimbo wa gemu lile bila kucheza. Sauti tatu tu na mchakacho wa ngoma, basi, na bado wimbo ulikuwa umetimia.

Lakini kilichomnasa hasa ni kwamba gemu halikumjua. Michezo yote mingine ya mjini ilimjua. Ilijua amechoka, ikapunguza mwendo. Ilijua ana huzuni, ikampa ushindi. Hili halikujali. Gari la njano lilichomoka baada ya daraja, upande uleule, kila safari, na kama hukujiandaa lilikufagia. Ukishafagiwa unaanza upya. Hakukuwa na wa kumbembeleza.

Bangili yake ilikuwa jikoni, ndani ya kopo la unga.

Miaka ile magari yote ya Moshi yalijiendesha yenyewe, na kwenye lami yalikuwa hodari kuliko dereva yeyote aliyewahi kuishi. Udhaifu wake ulikuwa njia za mlimani. Tope likiteleza, ukungu ukishuka, mbuzi akikatiza, mashine ilisita, na kusita kule kuliua watu. Ndipo ukaletwa mfumo ulioitwa Wepesi. Bangili ilisoma amri ya neva kwenye kifundo cha mkono kabla kidole hakijasogea, ikairusha kwenye gari lililokuwa limekwama katika uamuzi. Mwenye mkono hakuliona hilo gari. Aliona mchezo: tikiti maji linaviringika mteremkoni, naye analikwepesha mawe. Kilichomtenganisha na barabara ya kweli kiliitwa pazia. Kila mtu mzima alitoa saa zake za kucheza, na wale wa daraja la juu, kama Aikande, waliitwa wakati wowote. Kucheza kwa ajili ya nafsi yako, kwenye mashine isiyounganishwa na chochote, kuliitwa mchezo mtupu. Lilikuwa kosa.

Tena huwezi kucheza ukiwa umeivaa. Bangili huchukua sehemu ya amri njiani, vidole vinakufa ganzi kidogo. Kwenye tikiti hutambui. Mbele ya gari la njano utatambua.

Alasiri ile Aikande alifika mbali kuliko alivyowahi kufika. Alilipita la njano kwa upana wa kidole. Akaingia jangwani, mahali asipopajua, na majani ya kijani yakageuka kahawia. Jikoni, kopo likaanza kutetemeka.

"Nakuja," alisema bila kugeuza kichwa. "Ngoja nimalize."

Kopo likatetemeka, likatetemeka, likanyamaza. Barabara ikapinda kushoto, ikanyooka, na mbele yake ikatokea bendera ya miraba na watu wa vidoti wanaorukaruka. Alisimama katikati ya sebule akapiga ukelele wa furaha, peke yake. Hakuna gari lililookoka kwa ushindi ule. Ulikuwa wake wote.

*

Ndekirwa alikuja kabla jua halijashuka. Alikuwa msimamizi wa Kituo cha Wepesi, mzee wa mwili mwembamba, na ndiye aliyemfundisha Aikande kuvaa bangili kwa mara ya kwanza.

"Shikamoo, mzee. Karibu kiti."

"Marahaba. Sikai." Macho yake yalishatua kwenye televisheni. "Mwito ulipokuja ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Na bangili?"

"Kwenye unga."

Ndekirwa alivuta pumzi. "Gari la wagonjwa limepinduka kona ya Kisimani. Lilikuwa linapanda kumfuata mgonjwa. Umeitwa wewe kwanza. Hukuitika, mwito ukahamia kwa mtu mwingine, naye hana mkono wako. Gari limeingia migombani. Ndani alikuwemo muuguzi, Eliapenda."

"Eliapenda wetu? Wa sauti ya pili?"

"Huyo. Amevunjika mkono na mbavu. Mgonjwa aliyekuwa anafuatwa, watu wamemteremsha kwa machela mabegani."

Aikande alikaa chini taratibu. Alipoinua uso, alichouliza hakikuwa kile mzee alichokitarajia.

"Kama ningekuwa nimeivaa, ningeona nini?"

"Sielewi."

"Mchezo gani? Kwenye pazia."

"Tikiti, nadhani."

"Tikiti." Alilirudia neno kana kwamba lina ladha mbaya. "Kwa hiyo Eliapenda alikuwa tikiti. Na wiki iliyopita, yale niliyoyapasua kwa uzembe nikacheka? Nayo yalikuwa akina nani?"

"Mengine ni mazoezi tu."

"Yapi?"

Ndekirwa aliishia kukaa kwenye kiti alichokikataa. "Mwaka wa kwanza hatukuwa na pazia," alisema. "Watu waliiona barabara. Walimsikia abiria akikohoa. Mikono yao ikawa mizito kama mawe, Aikande. Ukijua kuna mtu, unafikiri, ukifikiri, umechelewa. Nilikuwepo. Niliwaokota kwa mikono hii. Tulipoweka pazia, vifo vikakoma. Ulikuwa upole, ule. Kwa abiria na kwa mwenye mkono."

"Kwangu haukuwa."

"Nipe hicho kisanduku, niseme bangili ilikuwa na hitilafu. Yaishe."

Aikande alikitazama kile kisanduku cha kijivu, na waya wake aliouunga mwenyewe kwa gundi na utepe. Ingekuwa rahisi. Mzee alikuwa anamtakia mema, na Eliapenda alikuwa amelazwa na mbavu zimevunjika.

"Hapana," alisema.

*

Hospitalini alikwenda na chupa ya chai ya tangawizi. Eliapenda alikuwa ameegemea mito, mkono wa kushoto umefungwa kifuani, uso umevimba upande mmoja.

"Pole, dada."

"Niambie ulikuwa unafanya nini. Wengine wananificha."

"Nilikuwa nacheza."

"Nini?"

"Gemu la zamani. La magari."

Eliapenda alianza kucheka, mbavu zikamkatiza. "Magari! Mimi niko ndani ya gari la kweli, wewe uko na gari la katuni."

"Ndiyo."

"Umesikia mwito?"

"Nimeusikia. Nikasema ngoja nimalize."

Eliapenda alimkazia macho mpaka Aikande akatamani apigwe kofi, yaishe.

"Ungejua ni mimi?"

"Ningekimbia na unga mkononi."

"Na angekuwa mtu usiyemjua?"

Aikande hakutaka kumdanganya mtu aliyelala pale kwa sababu yake. "Nafikiri ningekimbia pia. Lakini sijui, Eliapenda. Haijawahi kutokea mtu akaniambia kuna mtu."

Eliapenda aligeuzia uso ukutani. "Toka. Chai iache."

*

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa kituo, na watu walijaa hadi varandani. Hukumu yenyewe ilikuwa fupi. Akisalimishe kisanduku, aombe radhi hadharani kwa mchezo mtupu, na avishwe bangili isiyovulika. Asipotaka, mkono wake utafungwa: hautaitwa kwa lazima tena, na hakuna gari lolote la mkoa litakalombeba, kwa sababu asiyetoa wepesi hana haki ya kubebwa nao.

"Nimemwomba Eliapenda radhi," Aikande alisema. "Hakunipa, na ana haki. Kwake yeye nitaomba hadi nizeeke. Kwa kucheza siombi."

Minong'ono ikapita ukumbini. Mjumbe mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliinua mkono. "Mwanangu, mtu akizama mtoni, utasimama ukingoni umwulize jina ndipo umwokoe?"

Swali lilimchoma, maana lilikuwa swali zuri. Alilifikiria mbele ya macho yao yote.

"Hapana, mama. Nitajitosa. Lakini nitakuwa nimemwona ni mtu. Ninyi mnanionyesha tikiti. Mnachukua mikono yangu nikiwa nacheka, halafu mnaniambia nilikuwa naokoa, au nilikuwa nafanya mazoezi, hamsemi lipi ni lipi. Kile kisanduku hakinichukulii kitu. Nikigonga, nimegonga mimi. Nikishinda, mimi. Nimeishi miaka yote hii sijawahi kujua kosa lililo langu." Akameza mate. "Niiteni. Nitakuja hata nikiwa mezani nakula. Ila niambieni nani yumo na yuko wapi. Bila hivyo, fungeni."

"Mikono ikiwa mizito, atakufa mtu," alisema Ndekirwa kutoka pembeni, kwa huzuni.

"Inawezekana," alisema Aikande.

Wakafunga. Bangili walimwachia ikiwa wazi, ili siku akitubu aivae mwenyewe.

Akaanza kutembea. Alitembea kwenda sokoni na kurudi na mzigo kichwani, alitembea kwenda mazoezi ya kwaya akafika viatu vimejaa vumbi, akapiga kinanda vilevile. Magari yalimpita kimya, na watu waliomo ndani walijifanya wanatazama kando. Mvua ilipoanza alilowa. Kuna siku alifika nyumbani akalia kwa hasira akiwa amekaa kwenye kizingiti, soksi mkononi. Kisha akaingia, akawasha televisheni. Gari la njano likachomoka palepale. Akalipita.

*

Eliapenda alikuja asubuhi moja kwa miguu, mkono ungali kwenye kitambaa. Hakupiga hodi.

"Sijaja kusamehe," alisema. "Niwashie hicho kitu."

Aikande akawasha. Kwa kuwa kidhibiti kilihitaji mikono miwili, walikaa bega kwa bega kwenye mkeka, Aikande akashika upande wa kukata kona, Eliapenda upande wa mafuta na breki. Wakaligonga jiwe la kwanza.

"Umechelewa kukata!"

"Hukushika breki!"

"Breki ya nini, njia si nyeupe?"

Wakarudia. Wakafagiwa na gari la njano. Eliapenda alitukana kwa Kichaga, neno ambalo Aikande hakuwahi kulisikia likitoka kwa mtu wa kwaya, akabonyeza kuanza upya kabla hajaulizwa. Baada ya muda aliongea huku macho yakiwa kwenye barabara ya vipande.

"Nilikuwa kiti cha mbele. Mikono mapajani. Nililiona gari linakwenda kule, Aikande. Nililiona mapema kabisa, kabla ya tope. Nikatafuta kitu cha kushika. Hakuna usukani, hakuna breki, hakuna mtu wa kumpigia kelele. Nikakaa vile nikasubiri." Akabonyeza mafuta kwa nguvu. "Hilo ndilo linaloniamsha. Mbavu zinapona."

Aikande akakata kona. Safari hii wote wawili walikuwa sawa, na daraja likapita chini ya gari jekundu.

Bangili ikatetemeka mezani.

Walitazamana. Mkono uliofungwa hauitwi. Aikande aliichukua, hakuivaa. Sauti ya Ndekirwa ikatoka ndani yake, nyembamba, imeishiwa pumzi.

"Aikande. Vaa. Nakuomba."

"Nani yumo?"

"Nimejaribu watatu wa daraja la juu, mmoja ana homa, wawili wako kwenye magari mengine. Vaa."

"Mzee, nani yumo?"

"Unajua siruhusiwi! Una muda wa kubishana?"

Kila pumzi aliyoipoteza Aikande ilikuwa ya mtu fulani, na alijua kwamba mzee akinyamaza kidogo tu zaidi, ataivaa, tikiti au si tikiti. Hakuwa jiwe. Lakini Ndekirwa hakulijua hilo, na Aikande hakumwambia.

"Mjibu, Ndekirwa," Eliapenda alisema kwa ukali. "Ni mimi, Eliapenda. Mjibu, mwingine asije akalala nilipolala."

"Anaitwa Nakunda," alisema mzee. "Ana uchungu tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya. Ukungu umeshuka hadi chini. Gari limesimama juu ya Kisimani, haliamui. Yuko peke yake."

"Ondoa pazia."

"Mkono wako utakuwa mzito."

"Utakuwa wangu. Ondoa."

Akaivaa. Ganzi ikampanda vidoleni, na picha ikatupwa ukutani, juu ya televisheni. Halikuwa tikiti. Ilikuwa njia ya tope jekundu inayoishia kwenye ukungu, jani la mgomba limelala kwenye kioo, na ndani ya gari pumzi za mwanamke, fupi, zikifuatana.

Ndekirwa alikuwa amesema kweli. Mikono ikawa mizito. Aikande aliitazama kwenye goti lake na kwa mara ya kwanza maishani akahisi hofu ya kugeuza kidole. Kila kitu kilikuwa polepole, na polepole ile ilikuwa imejaa mawazo: mtoto amekaa vibaya, yuko peke yake, kona.

"Twende," alisema, akasogeza.

Gari likateremka. Tope likalivuta kulia, naye akalirudisha, akachelewa kidogo, akalirudisha zaidi.

"Ukiona ukuta wa kisima, kumbatia kushoto," Eliapenda alisema karibu na sikio lake. "Kulia panaonekana pazuri lakini ndipo palipoliwa. Sasa. Kushoto. Kushoto, Aikande!"

Akakumbatia kushoto. Ubavu wa gari ukakwaruza jiwe kwa mlio uliomfanya afumbe macho nusu. Kioo cha pembeni kikang'oka. Mkono mwepesi wa zamani usingekigusa kile kisima. Magurudumu yakaelea, yakatafuta, yakashika. Kona ikawa nyuma.

"Kuna mtu?" Ilikuwa sauti ya Nakunda, imejaa maumivu na mshangao. "Limegonga. Jamani, kuna mtu humo? Nani anaendesha?"

"Usijibu," Ndekirwa alinong'ona. "Hatujibugi."

Aikande aliiona njia ikifunguka kipande kwa kipande ndani ya ukungu.

"Nipo, dada," alisema. "Naitwa Aikande. Ule mlio ni kioo, nimekikwaruza mimi, samahani. Shika mlango, kuna kona nyingine, halafu kuna daraja lenye maji. Nitakwambia kabla hatujafika."

Pumzi zilisimama, zikarudi, ndefu kidogo. "Haya," alisema Nakunda. "Haya. Nimeshika."

Wakashuka hivyo, polepole kuliko Kituo kilivyowahi kumshusha mtu. Aikande alisema kila kona kabla haijafika. Eliapenda alimwuliza Nakunda maswali ya kiuguzi, akamfundisha namna ya kulala ubavu, akamwambia asisukume bado. Darajani maji yalipanda hadi mlangoni. Aikande alisimama, akayatazama, akaogopa, akapita. Migomba ikapungua, nyumba zikaongezeka, ukungu ukabaki mlimani, na magurudumu yakapanda lami kwa mlio laini.

"Lami hiyo," alisema Ndekirwa. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa amesimama muda wote na sasa anatafuta kiti. "Umefanya vizuri. Achia sasa, mashine itampeleka."

Ndiyo kanuni ilivyokuwa: kwenye lami mikono ya watu haikuhitajika. Aikande alihisi gari likiomba kurudishiwa njia, mvutano mdogo kifundoni. Mkono wake ulikuwa umekufa ganzi hadi kiwikoni, mgongo umelowa jasho. Hakuachia.

"Aikande. Achia."

"Nimeshamwambia jina langu," alisema, akakata kona ya kuingia mjini.